Waridi Dogo na Dawa ya Pamba

Igogo,
Mwanza.
Jumapili, 3 Septemba 1995

Mpendwa Dada Hellen,

Shikamoo Dada. Naanza na kifua chako. Uliandika mwezi wa tano kwamba baridi ya alfajiri huko Arusha inakubana mnapoingia kwenye shamba la maua kabla jua halijatoka. Je, umepata sweta? Mama ameniagiza nikuulize hilo kabla ya neno jingine lolote, nami nimetii. Naomba barua hii ikukute umekaa mahali penye jua, unapumua vizuri, na vidole vyako havina miiba mingi.

Sisi huku ni wazima. Mama kule nyumbani kisiwani analalamikia goti la kushoto, lakini bado anakwenda kanisani na kurudi bila fimbo. Mimi sijaugua. Kazini bado nipo masijala, napanga mafaili ya chama cha ushirika, ingawa mafaili yenyewe yanazidi kukonda. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, ghala letu lina popo wengi kuliko marobota. Majina ya wanaopunguzwa hubandikwa mlangoni Ijumaa mchana, na kila Ijumaa huupita mlango huo mara mbili kabla ya kuthubutu kusoma. Mpaka juzi jina langu halikuwemo. Niombee.

Sasa Dada, kuna jambo ambalo nimeliandika na kulichana mara tatu. Katika barua yangu ya mwezi wa sita nilikuandikia hivi: “Mwaridi wa Baba unaendelea vizuri sana.” Haikuwa kweli. Siku niliyoandika maneno hayo, mwaridi ulikuwa vijiti visivyo na jani hata moja, na mimi ndiye niliyeufanya hivyo. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla ya kukasirika, kisha ukasirike kadiri utakavyoona inafaa.

Nilijua uzito wa kitu ulichonikabidhi. Nimeitunza barua yako uliyompa yule dereva wa lori mwezi wa tatu pamoja na chungu kilichofungwa kwa gazeti. Uliandika kwamba simu ya msiba ilikufikia siku ya nne, Baba akiwa amekwisha zikwa, na kwamba hukuwa na kitu cha kumpa isipokuwa kazi ya mikono yako. Uliniomba niutunze mwaridi hapa Mwanza mpaka misa ya mwaka mmoja, niuvushe kwenda nyumbani Nansio, tuupande kaburini. Nilijua pia maneno ya Baba Mdogo Venant, aliyekuwa akisema kila penye watu kwamba Hellen anapanda maua ya Wazungu lakini baba yake hakumzika. Samahani kwa kuyarudia. Najua yalikwisha kukufikia kwa njia nyingine.

Nikueleze nilivyoupokea. Nilipofungua lile gazeti nilidhani umenitumia mtoto wa mwaridi, ambao ungekua. Ulikuwa na urefu wa kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Nikasubiri ukue. Kila Jumapili niliupima kwa rula ya ofisini, na kila Jumapili ulikuwa vilevile. Nikaanza kuogopa kwamba naukosesha kitu fulani.

Kisha ukachanua. Dada, wewe huyaona kila siku, labda umezoea. Mimi sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Ua zima lilienea juu ya kifungo cha shati langu la kazini. Lilikuwa jeupe kama maziwa, na ukingo wa kila petali ulikuwa na wekundu mwembamba kama uzi. Lilipopukutika niliokota petali zake nikazihesabu juu ya karatasi: thelathini na nne! Nilizipanga kwa safu, nikazihesabu tena kwa sababu sikuamini. Majani nayo, kila kikonyo kilibeba vijani vitano, vyenye meno pembeni, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa sawa na ukucha wa mtoto mchanga. Hata miiba ilikuwepo, midogo kama nywele, na ilichoma. Hakuna kilichoachwa. Nilikuwa nikisogeza uso karibu, nikijizuia kupumua. Niliona aibu kidogo, mtu mzima kuzuia pumzi mbele ya ua, lakini nilifanya hivyo kila asubuhi.

Nkwabi, yule Msukuma wa stoo ya pembejeo tunayekula naye mchana, alipita kwangu akaliona. Akacheka mpaka akashika ukuta. “Ninyi watu wa kisiwani bwana! Hata kwenye waridi mnavua dagaa.” Tangu siku hiyo ofisi nzima ikawa inaniuliza, “Dagaa wako hajambo?”

Utunzaji wake nilijifunza kwa makosa. Mwanzoni nilikiweka chungu juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya chumba changu, nikidhani kinapata mwanga. Saa sita mchana mawe ya Igogo huwa kama kikaango, na udongo ukachemka. Nikakihamishia upande wa mashariki, kipate jua la asubuhi mpaka saa tano, kisha kivuli. Nilikuwa pia nikiumwagia maji majanini jioni, majani yakaota ungaunga mweupe. Nikaanza kumwagia shinani, asubuhi, na kungoja udongo wa juu ukauke ndipo nimwagie tena. Ua likinyauka nililikata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano, kama ulivyoandika kwenye kile kikaratasi kilichokuja na chungu, na baada ya wiki chache pale pale palitoka tumba jingine. Mwezi wa nne na wa tano hapakupita wiki bila ua.

Mwezi wa sita upepo ukawa mkavu. Majani yakaanza kupauka, yakajaa vidoadoa. Nilipogeuza jani niliona utando mwembamba, na vumbi jekundu kama la pilipili. Lile vumbi lilikuwa linatembea. Dada, niliogopa mno. Ilikuwa Alhamisi, kesho yake ni siku ya majina, na sasa na mwaridi wa Baba unaliwa.

Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho mtu mwingine yeyote asingefanya ila mtoto wa bwana shamba wa pamba. Nilimwomba Nkwabi dawa. Stooni kulibaki makopo ya msimu uliopita ambayo hakuna mkulima aliyekuja kuyachukua. Akanipimia kidogo kwenye chupa. Nikakumbuka jinsi Baba alivyotusimamisha mimi na wewe kwenye mistari ya pamba kule Nansio, akatufundisha: kifuniko kimoja kwa ndoo, koroga kwa mti, loanisha mpaka idondoke, rudia baada ya siku saba. Nilifuata neno kwa neno. Nilikoroga ndoo nzima, Dada, ndoo nzima kwa ajili ya mti usiozidi kiganja, na nikachovya ufagio nikaunyunyizia mpaka dawa ikadondoka na udongo ukalowa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, jua kali. Nilijisikia vizuri. Nilijiona kama Baba ananitazama anaitikia kwa kichwa. Baada ya siku saba nikarudia.

Siku ya pili baada ya hapo majani yalikuwa ya kahawia. Siku ya nne yakaanguka yote. Matumba yakawa meusi kama vichwa vya njiti za kiberiti zilizokwisha waka. Jioni hiyo ndiyo niliyokuandikia kwamba unaendelea vizuri. Sikuwa na nia ya kukudanganya kwa muda mrefu. Nilidhani nitapata mwingine mahali, niupande, usijue. Nilizunguka bustani zote za misheni na za mahoteli. Waridi zipo, kubwa kama sahani. Kama wako hakuna.

Mkuyuni, kando ya barabara, kuna mama wa Kihaya anayeuza miche, anaitwa Mama Leonsia. Nilimpelekea chungu kikiwa ndani ya mfuko wa rambo ili watu wasikione. Akakitoa, akanusa udongo, akaniangalia.

“Hii ni dawa ya pamba.”

“Ndiyo, Mama.”

“Nani kakwambia hii ni pamba?”

Nikamweleza lile vumbi jekundu lililotembea. Akasema wale wadudu ni utitiri, wanapenda ukavu, na ningewaosha kwa maji safi chini ya majani siku tatu mfululizo wangekwisha. Maji tu, Dada! Nilitaka ardhi inimeze.

Kisha akafukua shinani kwa kidole, akaanza kutenganisha mizizi, na hapo ndipo nilipopata mshangao ambao mpaka leo haujanitoka. Haukuwa mwaridi mmoja. Ilikuwa minne, imesimama pamoja kwenye chungu kimoja kama watoto chini ya mwavuli. Akasema mashambani hupanda hivyo ili chungu kijae upesi. Miezi mitatu nilikuwa nikimwagia maji miti minne nikidhani ni mmoja. Wewe ulijua, kwa sababu ni vidole vyako vilivyoichomeka. Kwa hiyo hata kama ningetaka kukuficha idadi, nisingeweza. Mitatu mizizi yake ilikuwa imeoza kabisa. Mmoja, akiukwaruza gome kwa ukucha, chini kabisa karibu na udongo, ulikuwa na kijani kidogo, upana wa punje ya mchele.

Akasema kwa neno la upole la kwao, “Waitu mwanangu, usilie barabarani. Njoo uone.” Akanionyesha shina. “Waridi kubwa la misheni limeungwa. Juu ni la bustani, chini ni la porini. Juu likifa, chini panatoka maua mengine ya ovyo. Huu mdogo haukuungwa. Unaona kovu lolote hapa? Hakuna. Mzizi wake ni wake mwenyewe. Ukirudi, utarudi ule ule.”

Sikujua kwamba kitu kidogo namna hiyo kinaweza kujitegemea hivyo. Nilitembea kwa miguu kutoka Mkuyuni hadi Igogo nikiwaza maneno hayo tu.

Alinielekeza nifanye nini, nami nilifanya. Niliusuuza mzizi kwa maji mpaka harufu ikaisha. Nikaupanda peke yake kwenye udongo mpya wenye mchanga wa ziwani uliooshwa matope na takataka. Nikaukata, Dada. Nikaukata mpaka ukabaki vidole viwili juu ya udongo. Hakuna mbolea, alisema, mgonjwa hapewi pilau. Maji kidogo, jua la asubuhi, na kusubiri. Mitatu iliyokufa niliizika nyuma ya jiwe. Sikuweza kuitupa jalalani.

Nikasubiri siku kumi na tisa. Nilikuwa na daftari, naandika kila asubuhi: “Hakuna.” Siku ya ishirini niliandika: “Sijui.” Kwenye ubavu wa kijiti palikuwa na nukta nyekundu, ndogo kuliko kichwa cha pini. Nilidhani ni utitiri, nikashika kopo la maji. Lakini haikutembea. Kesho yake ilikuwa imeongezeka. Siku ya ishirini na nne ilifunguka, na ndani yake palikuwa na vijani vitano vyekundu vimekunjwa, vina meno pembeni tayari, kila jino mahali pake. Nilikaa chini kwenye vumbi na suruali ya kazi. Nilichelewa ofisini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, na sikuogopa mpaka nilipofika.

Misa ilikuwa Jumamosi ya tarehe 26 Agosti. Nilivuka kwa meli ya Nansio siku moja kabla, chungu nimekikumbatia ndani ya boksi la sabuni nililolitoboa matundu. Mwaridi ulikuwa na matawi mawili na tumba moja. Abiria aliyekaa karibu nami aliuliza kama nimebeba kifaranga. Nikasema ndiyo, maana sikuwa na nguvu ya kueleza.

Mama alipouona aligusa tumba kwa ncha ya kidole. Kisha akauliza, “Huu utakua lini?”

Nikamwambia, “Umekwisha kukua, Mama.”

“Umekwisha?” Akainua mkono wake, akaupima kwa kiganja. “Kumbe mtu anaweza kumaliza kukua akiwa hapa tu.” Akalala na chungu karibu na kitanda.

Baada ya misa tulikwenda kaburini, ukoo wote na majirani. Msalaba mpya ulikuwa umesimikwa. Nilichimba shimo upande wa kichwani, nikaupanda, nikamwagia maji. Kutoka pale watu waliposimama hapakuonekana kitu. Palionekana udongo uliolowa, basi. Nikaona watu wanatazamana.

Baba Mdogo Venant akasema kwa sauti, kama unavyomjua: “Ndiyo hii? Tangu mwezi wa tatu tumeambiwa Hellen anamletea baba yake maua. Mimi naona majani ya maharage. Hata kwa mbuzi haya hayatoshi.”

Baadhi wakacheka. Mama akainamisha kichwa. Dada, unanijua. Tangu shule ya msingi sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema neno ambalo sikuliandika kwanza. Lakini niliona kwamba nikinyamaza, lawama yote inakwenda Arusha, na wewe ulituma minne, mizima, iliyojaa maua. Nikasema:

“Baba Mdogo, Dada asilaumiwe. Alituma minne. Mimi ndiye niliyeichoma. Niliipiga dawa ya pamba.”

Nilisikia bendera ya kanisani inapigwa na upepo.

“Dawa ya pamba?” akauliza.

“Ndiyo.”

“Kwa kipimo gani?”

“Cha Baba. Kifuniko kimoja kwa ndoo. Nikarudia baada ya siku saba.”

Alinitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi. “Shemeji,” akamwambia Mama, “unaikumbuka mipapai yako?” Na Mama, Dada, pale kaburini, akaanza kucheka na yeye. Kumbe kabla hatujazaliwa, Baba aliwahi kuipulizia dawa ya pamba mipapai yote ya Mama, kwa kipimo hicho hicho, akarudia baada ya siku saba, na Mama akakaa siku tatu bila kumsemesha. Hakuwahi kutuambia. “Marehemu hajaenda mbali,” Baba Mdogo akasema akifuta macho. “Huyu hapa kasimama.”

Kisha akasogea aone. Akainama, haikutosha. Akashika msalaba, akainama zaidi, haikutosha. Ua lako ni dogo mno, huwezi kuliona ukiwa umesimama. Basi Baba Mdogo Venant, ambaye wewe na mimi hatujawahi kumwona akipiga magoti hata kanisani kwa kisingizio cha mgongo, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, kwa suruali yake ya sikukuu, akasogeza uso. Tumba lilikuwa limefunguka nusu kwa joto la safari. Alikaa hapo. Nikaona anafanya kile ninachokifanya mimi kila asubuhi: alijizuia kupumua.

“Mbona lina kila kitu,” akasema polepole.

Akanyanyuka, akampisha Mama. Mama akapiga magoti na lile goti lake. Halafu Shangazi Getruda, halafu majirani, mmoja mmoja, hata watoto. Kila aliyetaka kuona ilibidi apige magoti kichwani kwa Baba. Siku ya maziko watu walisimama, Dada, nakumbuka vizuri, kwa sababu ya mvua. Mwaka mmoja baadaye, kwa ajili ya kitu ulichokipanda wewe, wote walipiga magoti. Sikuwa nimepanga hivyo na sidhani kama wewe ulipanga.

Kabla sijapanda meli Baba Mdogo alikuwa amekwisha zungushia kiuzio cha fito kwa ajili ya mbuzi. Nimemwandikia Mama maelekezo kwenye karatasi kubwa: maji shinani asubuhi, utitiri ukija ni maji chini ya majani, ua likinyauka akate juu ya vijani vitano. Mwishoni nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA DAWA.

Hayo ndiyo niliyokuficha. Naomba unisamehe kwa ile mitatu, na zaidi kwa ile sentensi ya mwezi wa sita. Nimeogopa kuandika barua hii kuliko ninavyoogopa Ijumaa.

Mama anakusalimu sana na anakukumbusha sweta. Shangazi Getruda anakusalimu, anasema umwombee miguu. Nkwabi, usiyemjua, anakusalimu na anaomba radhi kwa ile chupa. Nisalimie wenzako wote mnaochomeka nao vipandikizi, na uwaambie kuna mtu Mwanza aliyehesabu petali za kazi yao.

Nimeacha salamu moja nyuma ili niiandike kama ilivyosemwa. Baba Mdogo alinisindikiza hadi gatini. Meli ilipopiga honi akanishika bega akasema: “Mwandikie dada yako. Mingine mitatu ya kuziba pengo asimpe dereva. Ailete mwenyewe. Mwambie mimi ndiye nitakayechimba mashimo.”

Likizo yako ni Desemba. Nitakungoja stendi, na tutavuka pamoja.

Mungu akulinde kifua na mikono.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuheshimu,

Nestory